Mwalimu Futi, Aliyejua Mguu wa Kila Mtoto

Katika shule hii nzima, ukiwatoa walimu, na hata ukiwaacha wakiwemo, hakuna anayeandika vizuri kunishinda mimi. Kidato cha pili niliondoka kwa mlango wa mbele, kichwa juu, nikiwa nimeshajua yote niliyoyahitaji. Kwa hiyo Mwalimu Mkuu alipotafuta mtu wa kuandika wasifu wa mstaafu kwa ajili ya jarida letu la wafanyakazi, alizunguka ofisi ya walimu mara mbili, kila mmoja akajitia kusahihisha madaftari, halafu akaja stoo kwa aliye bora. Wenye wivu wanasema alikuja kwangu kwa sababu walimu wote wanaiogopa kalamu nyekundu ya mstaafu. Waache waseme.

Mstaafu mwenyewe ni Mwalimu Futi. Ameitumikia shule hii miaka thelathini na moja, miezi minne na siku tisa, na Ijumaa ya tarehe ishirini na nane, kengele ya mwisho ikilia, anastaafu. Jina la Futi alipewa na watoto kwa sababu ya ile futi ya kamba, ya fundi cherehani, inayoning'inia shingoni mwake tangu asubuhi mpaka watoto wanapotoka. Jina lake halisi liko kwenye orodha ya mishahara na halina kazi kubwa mahali pengine. Hata mume wake, siku aliyokuja kumletea mwavuli, alimuuliza mlinzi kama Mwalimu Futi yupo.

Siku hiyo ya Ijumaa kutakuwa na keki, kiti cha kupumzikia na hotuba, nyingine ndefu kuliko keki. Kitu kimoja hakitakuwepo: hati ya utumishi uliotukuka. Hati hiyo hupewa mstaafu mwenye faili safi, na faili la Mwalimu Futi lina barua moja ya onyo, ya miaka miwili iliyopita, kuhusu viatu. Mwalimu Mkuu alinishauri kwamba habari ya viatu niiruke kama mtu anavyoruka dimbwi. Nilimwitikia kwa adabu zote. Lakini dimbwi hili mimi nakijua kina chake, na tutalifikia.

Alianza na darasa la kwanza, katika chumba ambacho leo ni maktaba. Bati lilikuwa likivuja mahali patatu, naye akapanga madawati kuzunguka ndoo, akawafundisha watoto kuhesabu kwa matone. Anayebisha aende akatazame: ile miduara mitatu ya kutu bado iko sakafuni, chini ya rafu ya kamusi. Baadaye akahamia hisabati ya madarasa ya juu, akakaa huko miaka kumi na mingine juu yake. Alipima kila kitu. Alipima mlango, alipima kivuli cha mlingoti wa bendera, na siku moja alimpima mkaguzi aliyesimama sana mbele ya ubao, ili watoto wajue ni sentimita ngapi za ubao wanazokosa.

Miaka kumi na minne iliyopita ikaja ruzuku ya ziada. Kwa asiyejua: shule hupewa fungu juu ya lile la kawaida, kwa ajili ya watoto ambao nyumbani kwao mambo yamebana, na shule inatakiwa kuonyesha fungu hilo limemfaa vipi kila mmoja wao. Nasikia kikao cha kwanza cha kamati ya shule kilikuwa kitamu. Mjumbe mmoja alitaka geti jipya, mwingine akasema ofisi haina pazia. Mwalimu Futi aliwasikiliza mpaka wakachoka, akauliza ni mtoto gani kati ya wale waliomo kwenye orodha ya ruzuku anayelala njaa kwa kukosa pazia. Wakamfanya msimamizi hapo hapo, nadhani ili anyamaze. Walikuwa hawamjui.

Wiki ya pili afisa wa ruzuku alikuja na kibao cha kugongelea mlangoni, kimeandikwa kwa herufi za kuonekana na asiye na macho: Chumba cha Wanafunzi Wenye Uhitaji. Mwalimu Futi alimshukuru, akanywa naye chai, akamsindikiza hadi kwenye gari. Gari lilipokata kona, alikigeuza kibao, akaandika upande wa pili neno moja tu, MAFAGIO, akakigongelea tena. Mpaka leo ndicho kilichopo. Ndani kuna viatu, sweta, mikoba, miwani, sabuni, mashine ya kufulia, na fagio moja la kuzugia. Mimi ndiye mkuu wa stoo hii ya Mafagio, mwaka wa tano huu. Walimu wapya huja kuniomba fagio nami huwapa lile lile, kisha nawafuata nyuma kulidai.

Kanuni yake ilikuwa fupi: mtoto asaidiwe, na asijulikane. Alisema msaada unaomwonyesha mtoto kidole ni adhabu iliyofungwa utepe. Sasa utajuaje viatu vya mtoto ni namba ngapi bila kumwita pembeni, na mtoto akiitwa pembeni darasa zima si limeshajua? Hapo ndipo mama huyu alipotuzidi akili sote, na mimi nikiwemo, jambo ambalo silisemi kila siku. Kila mwanzo wa muhula alipita darasa kwa darasa na somo la vipimo. Watoto wanapimana urefu, mabega, kiuno. Wanachora nyayo zao kwenye magazeti ya zamani. Wanaandika namba daftarini, wanacheka miguu ya wenzao. Yeye anakusanya madaftari, anasahihisha kwa wino mwekundu, na kabla ya kengele ya kutoka anajua mguu wa kila mtoto wa shule hii, wa mtoto wa daktari na wa mtoto wa mbeba mizigo, na hakuna hata mmoja aliyeshtuka.

Viatu vilinunuliwa katika maduka matano, kwa siku tofauti, kila jozi na sura yake. Halafu vinakuja kwangu kuzeeshwa. Ndiyo, kuzeeshwa. Kiatu kipya kinapiga kelele, na shule ina masikio. Nilivisugua mchanga, nikavikunja soli, nikavipitisha kwenye vumbi la nyuma ya vyoo, nikachovya kamba zake kwenye maji ya chai. Kisha Mwalimu Futi anakuja kukagua, anainua kimoja mwangani, anakigeuza.

"Hiki bado kinajisifu kama wewe," anasema. "Kirudishe mchangani."

Wakati wa kugawa kila jozi ilikuwa na hadithi yake. Hii ilisahauliwa na mtoto aliyehama. Hii mama yako alishaiagiza tangu muhula uliopita. Hii nimekosea namba ya mpwa wangu, hebu nisaidie kuimaliza. Huyo mpwa, kwa hesabu yangu, alikuwa na miguu mia mbili na zaidi.

Kwa chakula cha asubuhi alianzisha Klabu ya Wawahi: anayefika kabla ya saa moja na nusu anapata mkate na maziwa na kucheza bao la namba. Ili asipatikane wa kusema klabu ni ya wenye njaa, aliwaalika mapacha wa daktari na mtoto wa Mwalimu Mkuu. Huyo wa mwisho alikula kuwashinda wote. Mwalimu Mkuu anisamehe, lakini jarida hili haliandiki uongo.

Kwa kusoma, ruzuku iliajiri walimu wasaidizi wawili. Walichukua watoto wanne wanne kwenda chumba cha pembeni, na kila mtoto alikuwa na zamu, hata yule anayeongoza darasa. Tofauti ni kwamba hodari aliitwa mara moja kwa wiki na anayechechemea mara nne, na watoto hawakuwahi kuhesabu, maana wote walikipenda kile chumba kwa sababu kina zulia. Daktari wa macho alipoletwa, alipima shule nzima, mpaka mlinzi. Ndipo ikagundulika kwamba yule wa darasa la nne aliyeitwa Mzee wa Usingizi hakuwa mzito wa kichwa. Alikuwa haoni ubao. Alipovalishwa miwani alisema alikuwa anadhani walimu huandika pale kunyoosha mkono tu. Mwisho wa mwaka akawa wa tatu. Wakati Mwalimu Futi anaanza, kati ya kila watoto kumi wa orodha yake, wanne walifika darasa la nne wakiwa wanasoma ukurasa mzima bila kukwama. Leo ni wanane, na hao wawili waliobaki anawajua kwa sauti zao.

Sasa ngoja niseme langu, maana bila mimi historia ya shule hii ina pengo. Nilipokuwa darasa la tatu hapa hapa, nilipewa zawadi mbele ya mstari wa asubuhi: sweta jipya, kwa kuwa Mfunga Madirisha Bora wa Muhula. Nilishangiliwa. Nyumbani nilimsimulia bibi, aliyenilea, mpaka akaziba masikio. Kwa miaka kumi hakuna rafiki yangu ambaye hakuisikia habari ya madirisha, na dada yangu anasema ndiyo iliyoniharibu.

Nilipoajiriwa Mafagio, wiki ya kwanza nikatumwa kupanga madaftari ya zamani ya Mwalimu Futi. Nikajikuta. Mstari mmoja, kwa wino mwekundu: "Anaishi na bibi. Hana sweta. Ana kiburi, hatapokea. Mpe kwa kufunga dirisha."

Nilikaa juu ya boksi la sabuni muda mrefu. Kumbe nami nilikuwa kwenye orodha, miaka yote, na mikoba ile, na miwani ile ya bibi iliyotoka kwa "daktari aliyekuwa anapita," na ile nafasi ya klabu. Nilimwendea darasani watoto walipokuwa mapumziko, daftari mkononi, nikataka kuuliza maswali kumi, likatoka moja la kitoto: kama hata lile dirisha lilikuwa la uongo.

Alivua miwani. "Dirisha ulilifunga vizuri, mwanangu," akasema. "Ningekupa hata kama ungekuwa na sweta tatu."

Sijui kama ni kweli. Lakini tangu siku ile nafunga madirisha ya shule nzima kila jioni, na hakuna aliyenituma.

Haya, viatu.

Miaka miwili iliyopita, dada wa Mwalimu Futi alilazwa, naye akaomba ruhusa ya wiki mbili kumuuguza, mwanzoni mwa muhula, mara tu baada ya somo la vipimo. Aliniachia orodha, namba za miguu, majina ya maduka matano na maelekezo ya kurasa tatu. Nilizisoma zote. Kisha nikaziona ni za mtu mwoga. Mwenye duka la kona alinikaribisha, akaniambia kijana mwenye akili hatembei maduka matano kwa kitu kinachopatikana kwake chote, kwa bei ya chini, mzigo mmoja. Nami nikiambiwa nina akili, basi tena. Nikachukua jozi thelathini na nne. Zote za kahawia, zote zina soli ya njano. Sikuzisugua mchanga, maana niliona haya kuviharibu viatu vizuri namna ile. Nikavigawa vyote Ijumaa moja. Nilitaka arudi akute kazi imekwisha, ashangae.

Jumatatu asubuhi wanafunzi waliketi chini uwanjani kumsikiliza Mwalimu Mkuu, miguu mbele, kama kawaida yao. Soli sitini na nane za njano zikatazama mbele. Nilikuwa nimesimama karibu na bomba la maji, na nakumbuka jinsi kimya kilivyoanza safu za nyuma, halafu kidole kimoja, halafu vidole. Kufikia mapumziko kulikuwa na jina: Soli Njano. Kufikia mchana kulikuwa na wimbo. Orodha ambayo Mwalimu Futi aliificha kwa miaka kumi na miwili, mimi niliisomesha shule nzima kabla ya saa sita.

Katika darasa la tano alikuwepo msichana tuliyemwita Chiriku, kwa sababu hakuwa na kituo akianza kuzungumza. Alikuwa anakuja Mafagio kunikosoa jinsi ninavyokunja sweta. Siku ile alivua viatu, akaviweka sawasawa mbele ya mlango wangu, kimoja kando ya kingine, akaondoka peku bila kusema neno. Chiriku, bila neno. Hakurudi kesho yake, wala wiki ile.

Mwalimu Futi alikatisha ruhusa yake. Alinikuta nikiwa na maelezo marefu mdomoni, hakuyataka. Aliomba rangi nyeusi ya viatu na brashi mbili. Tulivikusanya viatu, tukakaa pamoja siku tatu tukipaka soli, moja baada ya nyingine, tukibadilisha kamba, tukikata lebo, na jozi nyingine tukizipeleka kubadilishana na shule ya jirani. Kisha akaenda nyumbani kwa kina Chiriku. Mama yake hupiga pasi kwenye duka la dobi, na hata nyumbani alimpokea akiwa na pasi mkononi, hakuiweka chini.

"Shida yetu ilikuwa siri yetu, Mwalimu," alimwambia. "Nyinyi mmeivalisha viatu."

Mwalimu Futi hakumjibu kwa kujitetea. Aliomba radhi, akarudi wiki iliyofuata, akaomba tena. Alikwenda mara kumi na moja. Safari ya saba alipewa kiti. Mama alikuwa ameshamhamisha Chiriku shule ya ng'ambo ya barabara kuu, mwendo wa saa moja kwa miguu, na hakukubali kumrudisha. Lakini safari ya kumi na moja alikubali Mwalimu Futi azungumze na walimu wa kule, taratibu, bila kibao mlangoni.

Wazazi walilalamika, na kwa haki. Kamati ikakaa, ikataka kujua nani alinunua mzigo ule. Nilikuwepo, kiti cha nyuma karibu na mlango. Mdomo huu unaoujua kila mtu, siku hiyo ulikuwa umejaa mate tu. Mimi ni wa mkataba wa mwaka kwa mwaka. Barua moja ya onyo na ningekuwa nje ya geti. Mwalimu Futi alisimama, akasema kwamba stoo iko chini yake na viatu ni vyake, waandike jina lake. Wakaandika. Nilipomfuata nje kumuuliza kwa nini, alikuwa anakunja futi yake kidoleni.

"Wewe bado uko kwenye orodha yangu," akasema, akaenda kufundisha.

Kwa hiyo, waheshimiwa wajumbe wa kamati, someni hapa polepole, maana nimeandika kwa mwandiko mzuri. Barua iliyo kwenye faili la Mwalimu Futi ni yangu. Mzigo niliununua mimi, peke yangu, kinyume cha kurasa tatu za maelekezo ambazo bado ninazo na nimeziambatisha. Mwenye duka alinipa jozi ya thelathini na tano bure, ya saizi yangu, kama shukrani, nami niliichukua. Itoeni barua ile muiweke panapostahili, halafu mpeni mwalimu hati yake Ijumaa, mbele ya watoto. Kama mkataba wangu utaishia hapo, madirisha yafungwe kuanzia upande wa magharibi, ndiko mvua inakoanzia.

Mwalimu wetu, walimu wenzako wanakushukuru kwa kuwafundisha kuona bila kukodoa macho. Wazazi wanakushukuru, wengi wao bila kujua wanashukuru nini, na najua ndivyo unavyopenda. Watoto mia nne na ushee, waliovaa, waliokula, waliosoma, waliona ni jambo la kawaida tu, na hivyo ndivyo kazi yako ilivyokuwa nzuri. Bibi yangu anakusalimu kwa miwani ile ile. Nenda ukapumzike, ukae kwenye kiti chako kipya, umuuguze dada yako, umpime mume wako akikuudhi, na siku zako zote zilizobaki zikutoshe kama kitu kilichokatwa kwa kipimo chako.

Na mimi nimejisifu vya kutosha. Kuvikosea viatu ni ujinga, na ujinga tulishaupaka rangi nyeusi ndani ya siku tatu. Kunyamaza kikaoni ni woga, na leo nimeusema. Kuna moja ambalo sijaweza kulipaka rangi. Kila asubuhi nikifungua geti namwona Chiriku akipita upande wa pili wa barabara, mkoba mgongoni, akielekea kule mbali. Anajua nipo. Duka la dobi analofanyia kazi mama yake liko dakika nane kutoka hapa, nimezihesabu. Mwalimu Futi, ambaye hakuwa na kosa lolote, alikwenda kuomba radhi mara kumi na moja. Mimi sijaenda hata mara moja.